Dakika mbili: mwongozo wa kwenda Cape Epic mkiwa wawili

Watu wakisikia nimewahi kushiriki Cape Epic, mbio za baiskeli za mlimani za Afrika Kusini, swali la kwanza huwa la baiskeli: ya aina gani, bei gani, gia ngapi. Mimi ningeanza na jingine: ulikwenda na nani? Mbio hizi hazina mshiriki wa peke yake. Mnajisajili wawili, mnapewa namba moja ya timu, na kanuni inataka msiachane zaidi ya dakika mbili, kila siku, tangu mnapoanza mpaka mnapomaliza. Saa ya timu husimama anapofika wa pili. Hata uwe na pumzi ya punda, mwenzako akiamka na tumbo la kuhara, siku hiyo na wewe ni mgonjwa.

Nawaandikia watu wa huku kwetu, wa Moshi, Arusha, Nairobi au Kigali, wanaoendesha vizuri mwisho wa wiki na wanataka kumaliza. Kushinda kuna wenyewe. Karl Platt wa Ujerumani na Christoph Sauser wa Uswisi wamezishinda mbio hizi mara tano kila mmoja, na wote walikuwa wanalala mapema kuliko wewe na mimi.

Kwanza, jua unachoingia

Cape Epic ilianza mwaka 2004, mwanzilishi wake akiwa Kevin Vermaak, na hufanyika katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Msimu wake ni Machi. Mwaka 2020 zilifutwa kwa ajili ya UVIKO-19, na za 2021 zikasogezwa Oktoba, kisha zikarudi Machi. Ni siku nane mfululizo: siku ya kwanza kipande kifupi cha kufungulia, halafu siku saba za kweli. Njia hubadilishwa kila mwaka, ila jumla huchezea kilomita 600 hadi 700, na kupanda kwote kukijumlishwa hufika mita 15,000 au zaidi. Kwa kipimo cha nyumbani, ni kama kuupanda Kilimanjaro kutoka usawa wa bahari hadi kileleni mara mbili na nusu, ndani ya wiki moja, juu ya tandiko.

Kuna makundi ya wanaume, wanawake, mchanganyiko, na ya wenye umri mkubwa kuanzia miaka 40. Wa Afrika Mashariki wamepita humo: mwaka 2007 timu ya Rwanda ilipeleka waendeshaji, Adrien Niyonshuti akiwemo. Miaka mitano baadaye Niyonshuti alibeba bendera ya nchi yake Olimpiki ya London 2012 na kushindana kwenye baiskeli za mlimani. Kwa hiyo mtu akikuambia hizi ni mbio za wazungu wenye pesa, nusu yake ni kweli. Pesa zinahitajika.

Hatua ya 1: Mtafute mwenzako kabla ya kutafuta baiskeli

Kosa la kawaida ni kumchukua rafiki mpendwa, au kumchukua mwenye miguu kuliko wote mjini. Rafiki mpendwa mnaweza kurudi mkiwa hamsalimiani. Mwenye miguu atakungoja juu ya kila kilima huku amepumzika, na ukifika tu anapanda baiskeli na kuondoka. Yeye kapumzika dakika tatu, wewe hata moja hukupata. Fanya hivyo siku nane uone.

Tafuta mtu mnayekaribiana kasi kwenye mlima mrefu, sio kwenye lami tambarare. Tambarare aliye dhaifu hujificha nyuma ya mgongo wa mwenzake, mlimani kila mtu anabeba kilo zake. Pandeni mlima wa saa moja na nusu kila mmoja kwa kasi yake, mlinganishe saa. Mkipishana dakika tano, mnafaa. Mkipishana ishirini, mmoja atafute mwingine, na msemezane hilo mapema kabla ada haijalipwa.

Halafu jaribuni njaa. Kwendeni safari ya saa sita mkiwa na chakula kidogo kuliko mnachohitaji, mwone nani anageuka mkali na nani anageuka bubu. Mimi nageuka mkali. Mwenzangu, fundi umeme wa Machame, anageuka bubu, na bubu ni hatari zaidi kwa sababu hasemi kwamba ameishiwa mpaka awe amekaa chini kando ya njia. Tulikubaliana kwamba kila nusu saa nauliza, "Umekula?" naye lazima ajibu kwa mdomo. Kutikisa kichwa hakukubaliki.

La mwisho ni la pesa na ni la aibu, kwa hiyo liandikwe. Mmoja akiumia mwezi mmoja kabla ya mbio, nani anapoteza nini? Akichoka siku ya nne, mwingine anaendelea au mnarudi wote? Kanuni inamruhusu aliyebaki kuendelea, lakini si kama timu tena. Huvishwa fulana ya wanaoitwa Outcast na hawekwi kwenye matokeo ya timu. Sisi tuliandika karatasi moja, tukaweka sahihi, shemeji akawa shahidi. Haikutumika, lakini tulilala usingizi.

Hatua ya 2: Usajili, ruhusa na karatasi

Nafasi hufunguliwa takriban mwaka mzima kabla, nyingine kwa wanaowahi, nyingine kwa bahati nasibu. Ada hulipwa kwa timu na ni ya maelfu ya dola. Humo mnapata hema, chakula cha kambini, vituo vya maji njiani na huduma ya kwanza. Nauli ya ndege, bima, vipuri na fundi wa kukuoshea na kukukagulia baiskeli kila jioni ni juu yenu.

Kampuni za hapa kwetu hudhamini soka, hilo tunalijua. Ukiomba, usiombe "udhamini". Omba kitu kimoja chenye bei: tiketi mbili za ndege, au seti ya matairi. Bosi hukataa ndoto, ila ankara huwa anaisoma.

Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano hata kama umeambiwa hakuna atakayeiuliza. Bima ya safari isomwe mpaka mwisho, maana nyingi hazilipi ajali ya mashindano.

Hatua ya 3: Miezi minane ya mazoezi

Chini ya miezi sita ni kujidanganya, isipokuwa tayari una miaka kadhaa ya baiskeli miguuni. Nilijipangia saa 8 hadi 12 kwa wiki, na kila wiki ya nne nilipunguza hadi nusu. Wiki hiyo ya kupunguza ndiyo watu huiruka. Usiiruke: mwili hujenga unapopumzika, ukiwa barabarani unabomoa.

Kinachofundisha mbio za siku nane si safari moja ndefu. Ni safari mbili mfululizo. Jumamosi saa tano, Jumapili saa nne juu ya miguu iliyochoka. Miezi mitatu ya mwisho tuliongeza Ijumaa jioni, na mara mbili tulichukua likizo tukaenda siku nne mfululizo, tukilala ugenini na kula chochote tulichopata.

Moshi ina shule ya bure. Kutoka mjini, mita 800 na ushee, hadi lango la Machame, karibu mita 1,800, ni kilomita kama 30 za kupanda. Unapanda kwa lami ukihesabu pumzi, kisha unarudi kwa vijia vya migombani. Huko ndiko tulikojifunza kushuka. Kijia kina mizizi, mawe yenye utelezi, mama mwenye mkungu kichwani, na kila baada ya hatua mia unakutana na mfongo, ule mfereji wa maji wa Wachagga, unaotaka unyanyue gurudumu la mbele kwa wakati au ule mchanga. Aliye Nairobi ana Ngong, wa Iten ana mteremko wa Kerio, wa Kigali hahitaji kuelekezwa vilima.

Jua lifanyie mazoezi pia. Machi ni mwisho wa kiangazi cha Rasi, mchana unaweza kuwa wa kuchoma hasa, na upepo wa kusini-mashariki ukikukabili kwenye mashamba ya ngano unaona heri mlima. Sisi tulikuwa tukishuka tambarare za miwa za TPC saa sita mchana, vumbi hadi kwenye meno, watu wa shambani wakituuliza kama tuko sawa kichwani. Mtu wa nyanda za juu ana faida ya hewa, kwa kuwa sehemu kubwa ya njia ya Cape Epic iko chini ya mita 1,000. Joto halijali umetoka mwinuko gani.

Siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya mgongo na tumbo sakafuni, dakika ishirini. Siku ya tano ya mbio miguu bado itakuwa inazunguka. Kinachokufa ni kiuno, shingo na viganja.

Wiki mbili za mwisho punguza kabisa. Utajisikia mnene, mvivu, na kila kikohozi utadhani ni nimonia. Ni kawaida.

Hatua ya 4: Baiskeli na vipuri

Baiskeli yenye shokapu mbele na nyuma ni bora kwa makalio na mgongo. Yenye shokapu ya mbele tu ni nyepesi na nafuu, na watu humaliza nayo. Usinunue mpya mwezi wa mwisho. Baiskeli inataka kilomita elfu moja mbili ndipo ikuambie tabia zake.

Gia: mbele sahani moja tu ya meno 30 au 32, nyuma ile kubwa ifike meno 50 au zaidi. Fundi mmoja wa mjini alinicheka, akasema hiyo gia ya kizee. Siku ya tatu, kwenye kilima cha kokoto kilichosimama kama ukuta, nilitamani nimpigie simu nimwambie heri sikumsikiliza.

Matairi yawe ya tyubulesi, yaani yasiyo na tyubu ndani, upana wa inchi 2.25 hadi 2.4, ubavu mgumu, na ndani yake dawa ya kuziba ya kutosha. Nchi ile ina miiba midogo ya pembe tatu ambayo hulala chini ncha moja ikiwa juu daima. Bila dawa utaziba pancha mpaka giza. Upepo usijaze kama wa baiskeli ya kubebea magunia. Kwa mtu wa kilo 70, PSI 20 hadi 24 zinatosha. Tairi gumu hudunda kwenye mawe na kukuchosha mikono.

Njiani kila mmoja abebe utambi wa kuziba tundu kubwa, tyubu moja ya akiba na kiungo cha mnyororo. Pampu, kifaa cha kukatia mnyororo na spana za aleni gawaneni. Mkiweza kuwa na baiskeli zinazofanana breki na gia, mzigo wa vipuri unapungua nusu.

Kuna kipuri kimoja watu husahau: kile kipande kidogo cha alumini kinachoshikilia mkono wa gia ya nyuma kwenye fremu. Kimetengenezwa kipinde ili fremu isipinde. Kila fremu ina chake, duka la kambini huenda lisiwe na chako. Nunua viwili, kimoja kikae mfukoni. Pedi za breki beba seti mbili kila mmoja, maana mvua ikinyesha mchanga huzila kama msasa.

Hatua ya 5: Kula ukiwa unaendesha

Tumbo linafundishwa kama miguu. Kwa saa moja ya kuendesha kwa bidii unataka gramu 60 hadi 90 za wanga, na ukijaribu kiasi hicho siku ya mbio kwa mara ya kwanza utatapika. Anza na 40, ongeza polepole kwa miezi.

Ndizi mbivu kubwa ni kama gramu 30. Tende ndogo tano au sita, hivyo hivyo. Kinywaji nilikuwa nachanganya mwenyewe: lita moja ya maji, vijiko vikubwa vitano vya sukari vilivyosawazishwa, robo kijiko cha chai ya chumvi, ndimu. Kinafanya kazi sawa na vile vya pakiti, na ukichoka utamu unaongeza ndimu. Kunywa nusu lita hadi robo tatu kwa saa, zaidi jua likikaza. Usinywe maji matupu lita kwa lita bila chumvi, hiyo nayo hulaza watu hospitali.

Kwenye vituo vya maji mna vitamu vya kila rangi. Siku ya kwanza unavishangilia, siku ya nne huvitaki machoni. Kilichoniokoa ni viazi vya kuchemsha. Unachovya kwenye chumvi, unaweka viwili mfukoni mwa mgongoni vikiwa bado vya moto, na nusu saa baadaye unakula kiazi chenye vumbi na jasho ukidhani ni pilau.

Tahadhari ya tumbo. Njia hupita mashamba ya ng'ombe, na gurudumu la mbele hurusha kila kilichoko chini moja kwa moja kwenye mdomo wa chupa. Siku ya pili niliona kitu cha kijani kwenye chupa yangu, nikakifuta kwa kidole cha glovu, nikanywa. Jioni yake nilijua vyoo vyote vya kambi kwa majina. Nunua chupa zenye kifuniko juu ya chuchu, au tumia mfuko wa maji wa mgongoni, na osha mikono kwa sabuni kabla ya kila mlo. Dawa ya mikono ya kupaka haiondoi tope.

Hatua ya 6: Makalio

Hakuna anayeandika haya vizuri kwa sababu ya haya, basi niseme wazi. Bukta ya baiskeli haivaliwi na chupi ndani. Paka mafuta yake maalumu kwenye ngozi na kwenye godoro la bukta kila asubuhi. Usinyoe wiki ile. Ukivuka mstari wa mwisho usikae na bukta mbichi ukipiga stori: vua, oga, jikaushe kabisa. Beba bukta nne angalau, ubadilishe na aina, ili mshono usisugue pale pale kila siku. Jioni vaa kikoi bila kitu ndani, upepo ufanye kazi. Kwenye kambi ile ya mahema mamia, kikoi changu kiliulizwa bei mara tatu.

Kipele kikitoka usikitumbue. Nenda kwa madaktari wa mbio, wameshaona makalio mengi kuliko unavyofikiri.

Hatua ya 7: Kufunga baiskeli na kusafiri

Fungua pedali, geuza usukani, toa mkono wa gia ya nyuma na uufunge kwa kitambaa ndani ya fremu. Ukitoa magurudumu, weka kipande cha kadibodi kati ya pedi za breki. Mtu akibonyeza breki bila diski, pedi hukumbatiana na hazitoki kirahisi. Mitungi midogo ya gesi ya kujaza upepo isiingie kwenye sanduku, kaguzi za uwanja wa ndege huikataa. Utaipata huko huko.

Viatu, helmeti, pedali na bukta moja beba mkononi. Sanduku la baiskeli likipotea utaazima baiskeli, lakini kiatu cha mtu mwingine kitakutoa malengelenge. Fikeni siku nne kabla.

Hatua ya 8: Wiki yenyewe

Kipande cha kwanza kina watu wengi pembeni, ngoma, vigelegele. Hapo ndipo wengi huunguza mafuta ya siku ya tano. Nguvu zako ziwe zile ambazo unaweza kuzungumza sentensi nzima. Matokeo ya siku hiyo hupanga kundi la kuanzia, na kundi la mbele lina vumbi kidogo, hiyo ni kweli. Lakini ukisukumwa kwenye kundi la watu wenye kasi kukuzidi, utaburutwa.

Sasa dakika mbili. Kuna sehemu njiani wanaandika muda wenu wote wawili, na mkizidisha mnaongezewa muda wa adhabu. Mkirudia, mambo huwa mazito zaidi. Tatizo kubwa kuliko adhabu ni ugomvi. Siku ya pili tulikuwa kwenye mpando wa changarawe usio na kivuli, mimi mbele, na kila baada ya dakika moja nageuka kuangalia kama yupo. Nilidhani namjali. Mara nikasikia sauti nyuma:

"Mangi! Ukinigeukia tena nashuka."

"Nimefanya nini sasa?"

"Kila ukigeuka unaniambia nimechelewa. Najua nimechelewa!"

Tukapanda kimya kilomita nne. Kituoni akala viazi vyake, akaninyoshea kimoja, akasema, "Kaka, kuanzia hapa mlimani natangulia mimi." Tukabadilisha. Aliye mzito mbele kwenye mpando, ndiye anayepanga kasi, na mwenye nguvu anakaa nyuma ya gurudumu lake asiseme kitu. Tambarare na kwenye upepo mwenye nguvu anarudi mbele, akate hewa. Kwenye mteremko anatangulia anayejua kushuka, ili mwingine afuate mstari wake. Tangu siku hiyo hatukupoteza hata sekunde thelathini kati yetu, na kasi yetu mlimani ilipanda. Kama kuna kitu kimoja unachukua kwenye mwongozo huu, ni mpangilio huu wa nani mbele wapi. Mkono mgongoni kumsukuma mwenzako kidogo unaruhusiwa, ila muulizane kwanza. Wengine huona ni fedheha.

Kuteremka: makalio nyuma ya tandiko, visigino chini, kidole kimoja tu kwenye kila breki, macho mita kumi na tano mbele. Macho yakilitazama jiwe, gurudumu litalifuata. Vumbi likifunga usione kitu, acha nafasi. Kushuka na kutembea si dhambi, na kuna sehemu waandaaji wenyewe wamezifanya za kutembea. Viatu viwe na soli yenye meno.

Gia ikivunjika, msaada wa nje unaruhusiwa tu kwenye sehemu zilizotengwa. Mshiriki mwenzako anaweza kukusaidia popote, kwa hiyo usimpite mtu aliyesimama bila kumuuliza kama yuko salama. Kila siku ina saa ya mwisho ya kufika: iandike kwa kalamu kwenye mkanda na uibandike kwenye fremu, pamoja na kilomita za vituo vya maji na vilele. Kichwa kilichochoka hakijumlishi.

Hatua ya 9: Kambini

Kuanzia kuvuka mstari hadi kulala mna kama saa saba, na zinakwisha upesi. Sisi tulifuata mpangilio mmoja siku zote, wala hatukuujadili: kunywa na kula kitu papo hapo, baiskeli kwenye foleni ya kuoshwa, sisi bafuni, chakula cha kweli, lala miguu juu saa moja, kagua baiskeli, kula tena, kikao cha njia ya kesho, usingizi saa 2 usiku.

Ukaguzi wa baiskeli usiuache hata mvua inyeshe. Shika gurudumu ulitikise, sikiliza kama kuna mchezo. Zungusha pedali kinyume, uone mnyororo unapita bila kukwama. Pitisha kidole kwenye tairi kutafuta mwiba. Futa mnyororo kavu kabisa ndipo utie mafuta, tone moja kila kiungo, kisha ufute tena. Mafuta ya ziada hugeuka sumaku ya vumbi.

Hema ni dogo na jirani yako anakoroma. Beba vizibo vya masikio, taa ya kichwani, na karatasi ya chooni ya kwako. Amka kabla ya kengele ya wengine, saa 10 na nusu alfajiri, vinginevyo utaanza mbio zako kwenye foleni ya choo. Usiku huwa na baridi hata baada ya mchana wa kuunguza, soksi nzito si anasa.

Dawa za kutuliza maumivu za jamii ya ibuprofen ziogope ukiwa umekaukiwa maji, zinaumiza figo. Mwenzangu alizitupa zote siku ya kwanza ili asishawishike, halafu siku ya sita akaja kuniuliza kama zangu zipo. Sikumpa. Alinuna mpaka kituo cha pili cha maji.

Hatua ya 10: Mkimaliza

Siku ya nane vukeni mkiwa bega kwa bega, si kwa ajili ya picha tu: kanuni ya dakika mbili bado ipo hadi mstarini. Ukimaliza mara tatu utaingia kundi la Amabubesi, yaani simba kwa Kizulu. Ukimaliza mara moja unapata medali na njaa ya wiki mbili.

Wiki tatu usiguse mazoezi makali. Baiskeli isuguliwe mpaka chini ya matairi kabla ya kufungwa, udongo wa shamba la watu haukaribishwi mpakani. Vidole vitakuwa na ganzi kwa siku kadhaa, hasa kidole kidogo na cha pembeni yake, kwa sababu ya mshipa wa fahamu uliobanwa na usukani. Mimi nilifika uwanja wa ndege na shati la mikono mirefu nililoandaa kwa heshima ya kupokelewa Kilimanjaro, nikashindwa kufunga hata kifungo kimoja, ikabidi fundi umeme anifunge vyote mbele ya foleni nzima huku akiniuliza kama nimekula. Kwa safari ya kurudi, beba fulana.